Mechi ya nyumbani na ubao wa chaki: ombi kwa wenye vibanda umiza wa Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni akitaka vibanda umiza vya Manispaa ya Kigoma Ujiji vifungwe, kwa madai kwamba vinawapotezea vijana muda. Sikubaliani naye. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye mabenchi ya vibanda hivyo, na sioni kwamba kijana anayekaa saa mbili mbele ya runinga kwa shilingi mia tano amepotea kuliko yule anayekaa muda huohuo kijiweni bila kutazama chochote. Hata hivyo ninalo lalamiko langu juu ya vibanda hivyo na juu yetu sisi tunaovijaza, lalamiko ambalo sikuwa nalo mpaka nilipokwenda kutazama michezo katika baa ya Kiayalandi nchini Ubelgiji. Nitaomba uvumilivu wako nieleze kwanza habari za huko, ndipo nirudi Kigoma.

Kati ya mwaka 2022 na 2024 nilikuwa mjini Leuven nikisomea uhandisi wa maji. Ni mji wa chuo kikuu, si mbali na Brussels kwa treni, na Waayalandi wana historia nao ndefu kuliko nilivyodhani, kwa kuwa mapadre wao Wafransisko walianzisha chuo chao hapo mwaka 1607, wakati utawala wa Kiingereza ulipokuwa umewabana kwao. Baa niliyoizoea haikuwa na uhusiano wowote na mapadre hao. Ilikuwa baa ya Kiayalandi ya ughaibuni, ya aina ambayo tangu miaka ya 1990 mafundi wa Dublin wamekuwa wakiichora, wakiichonga na kuisafirisha nzimanzima, kaunta, viti, vioo na hata vibao vikuukuu vya kupamba ukuta, ikaunganishwe katika miji ya mbali kama kabati la kununua dukani. Nimelelewa Ujiji katika nyumba isiyoingiza pombe, kwa hiyo jioni ya kwanza nilisimama nje kwenye mvua hadi miguu ikafa ganzi, mpaka mwanafunzi mwenzangu Mzambia aliponishika mkono na kuniambia kwamba humo ndani chai ipo. Ilikuwapo kweli, nyeusi kama ya msibani, na maziwa yake pembeni, na kwa muda wote niliokaa Leuven hakuna aliyeniuliza kwa nini situmii kingine.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba hakukuwa na kiingilio. Mtu anaingia, anakwenda mwenyewe kaunta, analipia kinywaji chake hapohapo, kisha anakaa na kikombe kimoja kwa dakika tisini bila mhudumu kumkodolea macho. Mlangoni palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki mechi za siku na saa zake, sawasawa na ubao wa kibanda chetu, hata mwandiko ulikuwa mbaya vilevile. Ndani kulikuwa na runinga tano, kila moja na mchezo wake, lakini sauti ilikuwa moja tu, na mwenye baa ndiye aliyeamua iwe ya mchezo upi. Mwezi wa pili na wa tatu sauti ilikuwa ya raga ya Mataifa Sita, nasi wa mpira wa miguu tulikaa pembeni tukiitazama mechi yetu bila kusikia neno. Jumamosi moja nilimwomba mwenye baa atupandishie sauti ya mechi ya Arsenal, akaniuliza tuko wangapi. Tulikuwa wanne, na wa raga walikuwa kama arobaini. Mazungumzo yakaishia hapo.

Huko ndiko nilikokutana na Mwingereza mmoja wa makamo, aliyekuwa akifanya kazi Brussels na kuja Leuven karibu kila Jumamosi kutazama timu yake. Nilimwambia kwa kumwonea huruma kwamba lazima anasikitika kuwa mbali na kwao, ambako bila shaka angeiona timu hiyo sebuleni kwake. Alicheka mpaka akaweka bilauri chini. Akanieleza kwamba kwao mechi ya Jumamosi saa tisa alasiri haionyeshwi kabisa moja kwa moja kwenye runinga, na kwamba yeye amelazimika kuvuka bahari ndipo akaona kwenye kioo mchezo unaochezwa mtaani kwao. Nilidhani ananitania, lakini niliporudi chumbani nikatafuta habari zake nikakuta ni kweli. Kila Jumamosi ya msimu, kuanzia saa nane na dakika arobaini na tano mchana hadi saa kumi na moja na robo jioni, Uingereza haionyeshi mpira wa miguu moja kwa moja. Jambo hilo lilianza miaka ya 1960, na anayetajwa zaidi kulipigania ni Bob Lord, aliyekuwa mwenyekiti wa Burnley, ambaye hofu yake ilikuwa kwamba mtu akiiona Manchester United bure nyumbani, hatatoa nauli na kiingilio kwenda kuitazama timu ndogo ya mji wake, na timu hiyo itakufa njaa. Hata kanuni za Shirikisho la Mpira la Ulaya zinaruhusu kila nchi kujichagulia saa mbili na nusu za namna hiyo mwishoni mwa wiki.

Fikiria maana yake, Ndugu Mhariri. Kijana wa Katubuka, hapa kwetu Kigoma, anaiona kwa shilingi mia tano mechi ambayo mkazi wa nyumba inayopakana na uwanja wenyewe haonyeshwi. Waingereza wametuuzia sisi mpira wao wote, na wao wenyewe wamejifungia sehemu ya runinga yao ili viwanja vyao visibaki vitupu. Nilikaa na jambo hilo kichwani kwa miezi mingi bila kujua nilifanyie nini.

Jibu lilianza kuja Jumapili ya tarehe 21 Julai 2024, wiki chache kabla sijarejea nyumbani. Siku hiyo runinga zote tano zilikuwa na mchezo mmoja na sauti moja. Ilikuwa fainali ya Ayalandi nzima ya mchezo uitwao hurlingi, baina ya jimbo la Clare na jimbo la Cork, iliyochezwa katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, unaochukua watu 82,300. Sijawahi kuona baa ikijaa namna ile. Watu walitoka miji mingine ya Ubelgiji wamevaa jezi za majimbo yao, buluu na manjano kwa Clare, nyekundu na nyeupe kwa Cork, na mzee mmoja wa Clare, aliyekuta nimekalia kiti alichokuwa akikitaka, alikubali kukaa pembeni yangu kwa sharti kwamba niishangilie Clare. Nilikubali. Sikuwa na cha kupoteza.

Kila upande una wachezaji kumi na watano wenye magongo bapa mwishoni, na mpira mdogo wa ngozi unaopigwa kwa nguvu ya kutisha na kukimbizwa juu ya ncha ya gongo kama yai juu ya kijiko. Milingoti ya goli imepanda juu kama ya raga, na chini yake kuna wavu kama wa mpira wa miguu. Mpira ukiingia wavuni ni pointi tatu, ukipita juu ya mwamba kati ya milingoti ni pointi moja, na matokeo huandikwa kwa kutenganisha hesabu hizo mbili, jambo lililonichanganya hadi mwisho. Dakika sabini za kawaida ziliisha wakiwa sare. Baada ya muda wa nyongeza runinga ikaandika Clare 3-29, Cork 1-34, nami nikampa mzee pole, kwa kuwa 34 ni kubwa kuliko 29. Alikuwa akilia, lakini kwa furaha. Alichukua kalamu akanipigia hesabu juu ya karatasi ya kupanguzia mikono: mara tatu tatu ni tisa, ongeza ishirini na tisa, thelathini na nane, tatu ongeza thelathini na nne, thelathini na saba. Pointi moja tu.

Baadaye nilimuuliza wachezaji wale wanalipwa kiasi gani, nikitarajia kutajiwa mamilioni. Akasema hawalipwi mshahara wa kucheza. Wengine ni walimu, wengine ni mafundi, na Jumatatu itakayofuata sherehe watarudi kazini. Hawauzwi wala hawanunuliwi kutoka jimbo hadi jimbo kama wachezaji wa Ulaya tunaowajua, kwani mtu huchezea kijiji chake na jimbo la kwao. Chama cha Michezo ya Kigaeli kinachousimamia mchezo huo kilianzishwa katika mji wa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, wakati Ayalandi ingali chini ya Waingereza, kwa shabaha ya wazi kabisa ya kuzuia michezo ya mtawala isiimeze michezo ya wenyeji. Chama kilichukulia jambo hilo kwa ukali ambao mimi siutetei. Kwa miongo mingi, hadi mwaka 1971, mwanachama alikatazwa kucheza au hata kwenda kutazama mpira wa miguu, raga au kriketi, na mwaka 1938 Rais wa nchi, Douglas Hyde, aliyekuwa mlezi wa chama hicho, alipohudhuria mechi ya mpira wa miguu kati ya Ayalandi na Polandi, alivuliwa ulezi. Rais wa nchi! Siombi jambo kama hilo lifanyike hapa, maana sidhani kama tungebakiwa na mlezi hata mmoja.

Lakini ukali huo ulipoondolewa, Croke Park haikubaki tupu. Raga ya Uingereza ilichezwa humohumo mwaka 2007, na fainali ya hurlingi bado inajaza uwanja. Yule mzee wa Clare alikuwa shabiki wa Liverpool vilevile, tena alijua majina ya wachezaji wa akiba. Alichofanya ni kupanga tu kipi kinatangulia: siku Clare inapocheza, Liverpool inasubiri, na yeye akiwa ughaibuni hupanda treni akaitazame Clare pamoja na wenzake badala ya kuitazama peke yake kwenye simu.

Sasa nirudi kwetu. Nilikuwa Leuven wakati timu yetu ya Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, na Kigoma ikapata tena timu ya kuipokea Simba na Yanga katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Niliwatangazia habari hiyo watu wote baani, pamoja na wa raga. Niliporudi nilijiapiza kwamba sitakosa mechi ya nyumbani. Nimekosa nyingi, na moja sitaisahau. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kibandani, si mbali na uwanja, kutazama mechi ya Uingereza. Kwenye runinga ya kushoto palikuwa na Waingereza, na kwenye ya kulia palikuwa na Mashujaa, wakicheza hapo jirani. Ghafla tukasikia mngurumo ukiletwa na upepo kutoka uwanjani, tukatazamana, na sekunde kadhaa baadaye ndipo goli likaingia kwenye kioo. Watu wakacheka na kushangilia. Mimi nilishindwa kucheka. Nilikuwa nimelipa kutazama kwa kuchelewa jambo lililokuwa likitokea karibu kiasi cha kusikika kwa sikio.

Najua kwamba haki za kuonyesha Ligi Kuu zilinunuliwa na Azam kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi kuanzia mwaka 2021, na kwamba fedha hizo zinazisaidia timu zetu, hivyo sina ugomvi na runinga. Najua pia kwamba uwanja wetu huweza kujaa. Ulijaa tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga walipocheza hapa fainali ya Kombe la Shirikisho na Taddeo Lwanga akaipa Simba goli pekee. Shida ni Jumamosi ya kawaida, mgeni asipokuwa na jina kubwa. Siku hizo ndizo zinazoilisha timu ya mkoani, na ndizo siku ambazo sisi huwa kwenye mabenchi.

Ombi langu, basi, ni kwamba wenye vibanda umiza wa manispaa yetu wakubaliane, kwa hiari yao na bila askari wa jiji kuhusishwa, kuzima runinga zote kila Mashujaa inapocheza nyumbani, tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Nasema kwa hiari kwa sababu amri ya aina hii huvunjwa. Huko Uingereza mama mmoja mwenye baa mjini Portsmouth, Karen Murphy, alitumia king'amuzi cha Kigiriki ili awaonyeshe wateja wake mechi, akashitakiwa, na shauri lake likafika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo mwaka 2011 iliona kwamba kumzuia mtu kununua kadi ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya ni kinyume cha sheria. Sisi hatuna haja ya kufika huko.

Wenye vibanda watauliza hasara yao, na wana haki ya kuuliza. Nimeipiga hesabu kwa saa zetu. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi tunatofautiana na Uingereza kwa saa tatu, kwa hiyo mechi zao za saa tisa alasiri huanza kwetu saa kumi na mbili jioni. Mashujaa ikianza saa kumi kamili, inamaliza kama saa kumi na moja na dakika hamsini. Mtu anatoka uwanjani, ananunua muhogo wa kuchoma njiani, anafika kibandani kabla mechi hizo hazijaanza. Kinachopotea ni mechi moja tu ya mapema, ile ya saa tisa na nusu alasiri. Miezi ya mwanzo na ya mwisho wa msimu hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa saa zao zinasogea na mechi zao zinaanza kwetu saa kumi na moja, na hapo ndipo klabu inapopaswa kuingia: iwape wenye vibanda tiketi za kuuza kwa kamisheni, ili kufunga mlango kusiwe na maana ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Kiingilio cha mzunguko, yaani cha majukwaa ya kawaida uwanjani, nacho kiangaliwe, kwa sababu mtu aliyezoea kulipa mia tano hawezi kurukishwa hadi elfu kadhaa kwa kuhubiriwa uzalendo. Kivuli pia, ingawa hilo ni la fedha nyingi, nami sitalikazia.

Kwako, Ndugu Mhariri, ombi ni dogo. Ukurasa wako wa michezo wa Ijumaa hutupatia ratiba nzima ya Uingereza, Hispania na Italia kwa herufi zinazosomeka, na mechi za mikoani hubanwa chini karibu na matangazo ya mnada. Geuza mpangilio huo kwa wiki zile tu ambazo timu ya mkoani inacheza nyumbani.

Nimekwisha kuzungumza na mzee mwenye kibanda ninachokwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari za hurlingi, ambazo hakuziamini, kisha akaniambia: "Injinia, king'amuzi nalipa mimi, umeme nalipa mimi, pango nalipa mimi. Huo uwanja utanilipia kipi?" Baada ya majadiliano marefu tumekubaliana kujaribu kwa mechi moja ya nyumbani. Atafunga nusu saa kabla ya mchezo na kuandika ubaoni kwa chaki kwamba wote tumekwenda Lake Tanganyika, na wateja wake wa jioni wakipungua nitamfidia shilingi elfu ishirini na tano. Hakutaka kupeana mikono tu. Alifungua daftari lake la madeni, akaandika jina langu na kiasi hicho, akanipa kalamu nitie sahihi.

Wako katika michezo,

Mhandisi wa maji,
Ujiji, Kigoma